Kiwavijeshi: Istilahi Moja, Nondo Wawili

Mkulima wa Same, awe Hedaru au Ndungu, asemapo kwamba viwavijeshi wameingia shambani, yafaa tuulize amekusudia wadudu gani. Istilahi hii yamfaa sana Spodoptera exempta, nondo (si chuma cha wajenzi) asafiriye na pepo za mvua za kwanza. Viwavi wake husonga kwa makundi wakila mahindi, mpunga na nyasi za malisho, kisha hujifukia udongoni wawe pupa.

Mwaka 2017 ilithibitika kwamba Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya Amerika, ameingia Tanzania. Wote wawili ni wa familia ya Noctuidae na jenasi moja, lakini tabia zao ni mbalimbali. Kiwavi wa huyu mgeni, mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na huzaliana mwaka mzima palipo na mahindi na joto.

Kwa hiyo twaiunga mkono istilahi “kiwavijeshi vamizi”, na twasisitiza kwamba neno “vamizi” lisiachwe hata katika mazungumzo. Mkulima angojaye kuliona jeshi atachelewa: kiwavi akishazama moyoni mwa mhindi, dawa inyunyizwayo juu ya majani ni vigumu kumfikia.