Nani apokee mchezo kwanza?

Wengi wetu tuliozaliwa huku Uingereza tumekulia ndani ya mchezo. Mama na wenzake, jumla watu 12, kila mwezi pauni 200, kijumbe anakusanya, mmoja anabeba 2,400. Wengine wanauita upatu, na Wakenya wanao ndani ya vyama vyao. Zamu zinapangwa kwa kura, au kwa heshima ya umri, au kwa yule aliyewahi kupiga simu. Ukiuliza kama kuna tofauti ya kupokea Januari au Desemba utaambiwa hakuna: kila mtu ametoa 2,400, kila mtu amepata 2,400. Basi.

Kipindi cha wiki hii kilikuwa juu ya uchumi wa kihandisi, na hapa ndipo mhandisi anapokataa. Fani hii ilianzia kwenye reli. Mwaka 1877 Mmarekani Arthur Wellington alitoa kitabu kuhusu njia ya reli ipite wapi, na hoja yake ilikuwa kwamba haitoshi kujua kujenga; lazima ujue kama ulichojenga kitarudisha gharama zake. Mwaka 1930 Eugene Grant akaandika kitabu cha kufundishia somo lenyewe. Kanuni ya kwanza ni kwamba pauni ya leo na pauni ya mwakani si pauni moja.

Sasa irudishe kwenye mchezo. Michango inatoka siku zile zile kwa wote, kwa hiyo upande huo mko sawa. Tofauti ni siku ya kupokea tu, miezi 11 kati ya wa kwanza na wa mwisho. Tuseme Shangazi ana akiba benki inayompa asilimia 4 kwa mwaka. Kwake, 2,400 za Desemba zina thamani ya kama 2,315 za Januari. Kuwa wa mwisho kunamgharimu pauni 85 hivi. Halafu kuna binamu mwenye deni la 3,000 kwenye kadi, riba asilimia 24. Kwake yeye 2,400 za Desemba ni sawa na 1,970 za Januari. Kusubiri kunamla pauni 430!

Mchezo ule ule, mezani pale pale, lakini kila mtu ana bei yake ya kusubiri. Hilo ndilo jambo ambalo kura haiwezi kuliona.

Mjanja mmoja atasema: si binamu ampe Shangazi 150 wabadilishane zamu? Kwa hesabu tupu wote wawili wanapata. Lakini kwa Waislamu wengi hiyo ni riba iliyopitia mlango wa nyuma, na hata kwa wasio Waislamu, ukishaanza kuuziana zamu umeharibu kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa. Mimi ningeliacha hilo kabisa. Kabla ya kupiga kura, kijumbe aulize tu, kwa siri ikibidi: nani ana deni linalokula? Huyo atangulie, na wenye akiba wakae nyuma kwa hisani.

Kuna kasoro moja, na si ndogo. Anayepokea mwisho ndiye anayebeba hatari ya mtu kubeba chake na kupotea, na mwenye deni ndiye rahisi zaidi kukwama kulipa. Kwa hiyo atangulie, lakini awe na mtu ndani ya mchezo wa kumdhamini. Wazee wetu walilijua hili bila fomula. Ndiyo maana mgeni huwa anawekwa mwishoni.

Kanuni ya pili inauma zaidi, kwa sababu inagusa boma. Unalijua boma: kuta zimesimama, lenta imefungwa, bati hakuna, na mbuzi wa jirani ndio wapangaji. Baba ametuma pesa miaka minane. Kila ukiuliza kwa nini tunaendelea, jibu ni moja, "tumeshatia pauni 15,000 pale."

Mhandisi anaifuta hiyo 15,000. Hasemi ni kidogo. Anasema imeshazama, na uamuzi wowote wa leo hauwezi kuiopoa. Kinachohesabika ni yaliyo mbele. Tuseme kupaua, plasta, umeme na maji vinahitaji 14,000 zaidi. Tuseme pia boma na kiwanja leo vinauzika kwa 9,000, na nyumba iliyokamilika mtaa huo huo inapatikana kwa 20,000. Kumaliza kunakugharimu 14,000 pamoja na ile 9,000 ambayo ungeipata ukiuza, yaani 23,000. Kununua ni 20,000. Ile 15,000 haimo popote kwenye hesabu hii, na haitakiwi kuwemo. Na kama kumaliza kutachukua miaka mingine minne, pengo linakuwa kubwa zaidi, maana bati la 2029 halitauzwa kwa bei ya leo.

Utasema: nyumba si pesa tu, bibi kazikwa hatua chache kutoka pale. Kweli. Grant mwenyewe alisisitiza kwamba yapo mambo yasiyoingia kwenye tarakimu na yana haki ya kuamua. Ila andika bei yake pembeni: kubaki karibu na kaburi la bibi kunatugharimu pauni 3,000 zaidi. Familia nyingi zitasema sawa, tunalipa. Hapo wanajua wanalipia nini, na hakuna anayemnunia Baba.

Kwa hiyo kabla ya kutuma awamu ijayo, mpigie fundi umuulize kilichobaki ni kiasi gani mpaka mtu alale ndani, na kitachukua miezi mingapi. Halafu muulize mtu mwingine, asiye fundi wenu, boma lingeuzika kwa bei gani likiwa hivyo lilivyo. Huyo wa pili ndiye mgumu kumpata.