Sarafu Isiyowahi Kununua Kitu

Mtoto wa kaka yangu aliingia uani mbio, simu mkononi, hata viatu hakuvua. "Shikamoo shangazi! Lile kopo la babu bado lipo?"

Kopo analolisema ni la maziwa ya unga, limekaa juu ya kabati langu hapa Tanga tangu tulipoanua matanga ya baba. Ndani mna sarafu thelathini na moja: senti za tundu za wakati wa Mwingereza, sumuni chache zenye picha ya sungura, na hela mbili za Mjerumani, zile zilizotuachia neno hela lenyewe.

Kwenye simu alikuwa na picha ya senti moja ya Marekani ya mwaka 1963. Senti moja, ya shaba. Mwaka 2009 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 40,000. "Na sisi tuna kopo zima," akasema, kichwani amekwisha kuezeka nyumba.

Nilikuwa keshia wa benki miaka ishirini na saba. Sarafu nimezihesabu mpaka vidole vikawa vyeusi na kunuka chuma. Nikamkalisha, nikammiminia chai, nikamwambia kwamba senti ile si adimu hata kidogo. Za namna yake, zilizopigwa kwa uangalifu ili ziuzwe kwa wakusanyaji, mwaka ule zilitoka zaidi ya milioni tatu. Kilichonunuliwa pale ni alama iliyoipata kwenye mtihani.

Wakusanyaji wana mtihani wa alama 70. Aliyeutunga ni Mmarekani William Sheldon, mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani za kwao. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: sarafu ya alama 70 iwe na thamani mara sabini ya ile iliyolika ikabaki na alama 1. Angefufuka leo angecheka. Siku hizi yako makampuni, kama PCGS lililoanza 1986 na NGC lililofuata 1987, ambayo kazi yake ni kupokea sarafu za watu, kuzikagua, kuzipa alama na kuzifungia kila moja ndani ya kibweta cha plastiki. Hutangaza pia hesabu: sarafu fulani ya mwaka fulani, ngapi zimepata 66, ngapi 67, ngapi zimefika kileleni. Za kawaida zinaweza kuwa mamilioni. Za kileleni pengine ni mbili, pengine moja.

Akaniuliza, kwa nini ziwe chache hivyo wakati zote zimetoka kiwandani mpya? Hilo sikuhitaji kusoma popote. Nimewahi kufungua mifuko ya sarafu za kawaida mpya kabisa, ambazo hakuna binadamu aliyezitumia, na ukiziinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo tele. Zikitoka kwenye mashine zinaangukiana. Zinahesabiwa na mashine nyingine, zinamwagwa mfukoni, mfuko unatupwa kwenye gari, unashushwa kwa kishindo kwenye sakafu ya benki. Shavu la rais linagongwa na ukingo wa mwenzake kabla hajanunua hata kiberiti. Sarafu iliyoponea yote hayo, kisha ikakaa miaka sitini bila kupata doa, imepona kwa bahati tu.

Mnadani sasa. Bei haipandishwi na umati, inapandishwa na wawili wakaidi. Wapo wakusanyaji wanaoshindana nani ana seti yenye alama za juu kuliko wote, na kwa seti hiyo 67 haiwafai wakijua 68 ipo. Mshindi hulipa hatua moja tu juu ya yule aliyemkaribia. Yule mwingine asingekuwepo siku ile, senti ingeondoka kwa bei ya baiskeli. Na habari ya bei ikishavuma, watu wengine nao hufukua za kwao na kuzipeleka zikapimwe. Zikipatikana tano zenye alama ile ile, aliyenunua ya kwanza amekula hasara.

Tukamwaga kopo juu ya mkeka. Akaokota senti kumi ya tundu ya 1936. Hiyo ina kisa. Mfalme Edward wa Nane hakumaliza kwenye enzi hata mwaka huo mmoja, akajiuzulu Desemba ili amwoe Mmarekani aliyekwisha kuachika mara mbili. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuwahi kugawiwa wananchi. Pauni yake moja ya dhahabu iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zina jina lake tu, basi zilikwisha kupigwa kwa mamilioni na kusambazwa Afrika Mashariki. Mama zetu walinunulia chumvi kwa jina la mfalme ambaye watu wa kwao hawakumwona kwenye sarafu. Iliyochakaa hainunui hata sahani ya pilau. Iliyobaki nyekundu kama siku ilipopigwa, hiyo wanaigombea.

Hela moja kati ya zile mbili ni heller 20 ya Tabora, 1916. Mjerumani alikuwa amezingirwa baharini, fedha hazifiki, akageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Hapo ndipo zilipotoka rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo, kama elfu kumi na sita tu. Heller 20 zilipigwa kwa wingi zaidi, kwa shaba na shaba nyeupe, na kwa haraka. Wakusanyaji huzitenganisha kwa umbo la taji na mikia ya herufi L. Ya kwetu ingekuwa na nafasi. Lakini kila Idi marehemu mama alikuwa akisugua sinia zake kwa ndimu na majivu, na sarafu hakuzisahau. Inang'aa kama kipini. Mnunuzi mzoefu akiuona mng'ao ule anairudisha mezani, maana ngozi ya sarafu ikishachunwa hairudi.

Kijana hakukata tamaa. Ameweka picha mtandaoni, ametaja milioni mbili, kwa sababu kuna mtu ametaja milioni tatu. Nimemweleza kuwa bei ya kutaja si bei ya kulipwa. Aliyejitokeza ametoa elfu tano.

Kuna senti moja ya tundu sijamwambia. Iko juu ya banda la kuku; baba aliipitisha kwenye msumari badala ya washa alipokuwa akipiga bati. Mwaka wake siujui, na bati lile limeoza, halimbebi mtu.