Pupe ya ganda la mgomba nayo ni kazi ya mikono

Mtoto wa Masisi hangojei duka lifunguliwe ndiyo apate mwanasesere. Anaenda nyuma ya nyumba, anabandua ganda kavu la mgomba, analilowesha kidogo lisivunjike, analikunja, kiisha analifunga kwa kamba ya ganda lile lile: kichwa, shingo, tumbo. Wakati wa mahindi, kigunzi kinakuwa mwili na ndevu za hindi zinakuwa nywele. Kipande cha kitenge kikipatikana, mtoto wa maganda anabebwa mgongoni na kuimbiwa alale. Kwetu wengi wanasema tu pupe, neno la Kifaransa ambalo tumelifanya letu.

Sisi wa chama cha wafanyakazi wa migodi tumezoea kusema juu ya bei ya koltani na kasiteriti, na juu ya mashimo yanayochimbwa bila nguzo. Leo mutuvumilie tuongee juu ya pupe. Mukiangalia vizuri mutaona kwamba njo kazi ya kwanza ya mikono mtoto anajifunza, na hakuna mtu anamlazimisha.

Ufundi wa kutengeneza sura ya mtu, wakubwa nao wanaujua. Kusini ya Walikale, kwa majirani zetu Barega wa Shabunda, Pangi na Mwenga, wazee wa Bwami walikuwa na sanamu ndogo zinazoitwa maginga. Tuseme wazi: zile hazikuwa za kuchezea. Mtu akipandishwa cheo katika Bwami alionyeshwa sanamu, na sanamu ilikuja na mafundisho yake. Iko moja yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe; inafundisha kwamba mwenye hekima anaangalia pande zote. Zile za pembe ya tembo zilikuwa za wenye cheo cha juu kabisa, kindi. Fundi alichonga, akasugua mpaka ikalainika. Mwenye nayo akaipaka mafuta tena na tena, mpaka ikapata rangi ya asali. Akifa, ilipita kwenye mikono ya mwingine.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Sanamu nyingi zilikwenda Ulaya, na leo ziko nyuma ya vioo, Tervuren na kwingine. Kwenye kibandiko utasoma jina la kabila na kwamba ni mti ao pembe. Jina la fundi, mara nyingi sana, halipo.

Sasa tuangalie kule Ujapani, inchi ambayo viwanda vyake vya elektroniki vinahitaji tantali, ile inayotoka katika koltani. Kwa sikukuu ya tarehe 3 Machi, familia zenye mabinti zinapanga wanasesere wa mfalme na malkia juu ya ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu. Katika Iwatsuki, karibu na Tokyo, mafundi wamegawana kazi: huyu kichwa, yule mikono na miguu, mwingine nguo. Uso unapakwa unga mweupe wa maganda ya chaza wa baharini, uliochanganywa na gundi. Tabaka moja likikauka linapakwa lingine, mpaka uso ung'ae kama ngozi ya mtoto. Kazi kama hiyo haitaki haraka.

Na kule fundi anatajwa. Mwaka 1955 serikali ya Ujapani iliwapa watengenezaji wawili wa wanasesere, mwanaume Hirata Goyo na mwanamke Hori Ryujo, heshima ambayo watu wanaiita hazina hai ya taifa. Juu ya nini? Juu ya mikono yao, na juu ya kile wanaweza kuwafundisha vijana.

Katika mfumo wa kufuatilia madini, gunia la koltani linafungwa tagi yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka mgodi gani. Jiwe liko na kitambulisho. Mchongaji aliyetengeneza ile sanamu ya Tervuren hana, na mchimbaji aliyetoa lile jiwe naye ni vile vile.

Na mtoto je? Yule anayeosha mawe mtoni ao kubeba gunia, mikono yake inazoea nyundo mbele ya kujua kukunja ganda la mgomba. Inchi yetu iko na sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Tena ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kwa hiyo tukisema mtoto atoke mgodini, hatusemi arudi shuleni tu. Apate pia saa ya kucheza na ya kutengeneza kitu chake mwenyewe.

Ombi letu ni dogo. Walimu wa Masisi na Walikale, kwenye somo la kazi za mikono muite mzee anayechonga, muite mama anayejua kusuka na kukunja maganda. Watoto waone mikono ikifanya kazi, nao wajaribu. Kiisha kazi zao zikipangwa mezani, kila moja iandikwe jina la aliyeitengeneza, hata kama ni pupe ya kigunzi itakayooza baada ya mvua mbili.