Maneno ya Shantie: Tatu ya Nini?



Wengi wetu tunafikiri kwamba maneno ya mafundi wa nyumba ni Kifaransa kilichoharibika tu. Masoni akisema "filaplo", tunacheka: huyu hakusoma. Leo tunaandika kuonyesha kwamba maneno yale ni chombo cha kazi, sawa na nyundo, na mtu asiyeyajua anaweza kuharibu ukuta. Tunajua, kwa sababu sisi wenyewe tuliuharibu.

Mambo yalikuwa hivi. Wakati wa likizo kubwa tulikuwa watatu tunatafuta minerval. Tukapata kazi ya ed-masoni, ni kusema msaidizi wa fundi, kwenye shantie moja ya Mangobo. Siku ya kwanza fundi akatuambia: "Fanyeni moja kwa tatu." Tukamwaga mufuko mmoja wa simenti, tukaweka buruweti tatu za mchanga, tukakoroga na maji. Fundi mwenyewe alikuwa upande mwingine anapima mlango; kijana wake akajenga na udongo wetu mistari mine ya matofali. Kesho yake asubuhi fundi akapitisha ukucha kati ya matofali. Mchanga ukamwagika kama unga.

— Batoto, mulitia nini humu?

— Papa, moja kwa tatu.

— Tatu ya nini?

— Ya buruweti.

Hakututukana. Alibomoa mistari yote mine, na bei ya mufuko ule ikakatwa katika malipo yetu. Kisha akatukalisha chini, akatufundisha.

Mufuko wa simenti wa kilo 50 unajaza karibu lita 35. Buruweti ya kawaida inabeba karibu lita 60. Buruweti tatu ni lita 180, basi sisi tulikuwa tumefanya moja kwa tano! Fundi akisema moja kwa tatu, chombo cha kupimia ni kile kile: sanduku moja ya simenti, sanduku tatu za mchanga za ukubwa ule ule. Kwa mufuko mmoja mchanga haufiki hata buruweti mbili. Neno "tatu" tulilisikia vizuri. Tulilokosa ni kuuliza "tatu ya nini".

Tangu siku ile tulianza kuandika maneno katika kaye. Haya ni machache:

Fuye: ni mtaro unaochimbwa kwa ajili ya msingi.

Betoni ya kukonda: betoni yenye simenti kidogo, inayomwagwa chini ya fuye ili msingi usikae juu ya matope. Si betoni mbaya, hapana; ina kazi yake. Lakini ole wako ukiiweka kwenye nguzo.

Doza 350: kilo 350 za simenti kwa metri kibu moja ya betoni, ndiyo mifuko saba.

Fero ya duze: chuma chenye unene wa milimita 12. Si vyuma kumi na viwili! Mmoja wetu alileta kumi na viwili.

Kofraje: mbao zinazoshika betoni mpaka ikauke na kuwa ngumu.

Nivo ya maji: mpira mrefu unaoonyesha ndani, wenye maji. Maji ya ncha mbili yanasimama kimo kimoja, hata kama kona moja ya nyumba iko mbali na nyingine.

Tatu-ine-tano: hapa mwalimu wetu wa hesabu atafurahi. Fundi anapima metri 3 kwenye kamba moja, metri 4 kwenye kamba ya pili, na kati ya alama mbili anatafuta metri 5. Akiipata, kona imenyooka. Ni Pythagoras yule yule wa ubao mweusi. Sisi tulikuwa tumemkariri kwa mtihani, lakini mbele ya kamba tulisimama kama miti. Fundi hajui jina la Pythagoras, na kona zake zote ziko sawa.

Na maneno haya yametoka wapi? Kisangani ni njia panda. "Fundi" na "dirisha" yalifika pamoja na watu wa pwani na wa Maniema. Dirisha lenyewe asili yake ni Uajemi. "Kapita", msimamizi wa kazi, ni neno la Wareno. "Shantie" ni Kifaransa. Manjanja ya kufunika nyumba, wenye kusema Lingala wanayaita manzanza. Huko pwani truele yetu inaitwa mwiko, filaplo ni timazi, nivo ni pimamaji, simenti ni saruji. Masoni wa hapa na masoni wa Mombasa wanaweza kujenga ukuta mmoja, lakini siku ya kwanza watasemezana kwa mikono.

Neno la kazi linaweza hata kuwa jina la serikali. Stanley alipotengeneza barabara huko Kongo ya Chini karibu na mwaka 1880, alipasua mawe, watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Baadaye jina lile likashika serikali yote ya wakoloni.

Sisi wa shule hii tunakijua kisa cha Mwanzo sura ya 11. Watu wa Babeli walikuwa na matofali ya kuchoma, walikuwa na lami ya kuyashikanisha, na nguvu hawakukosa. Kazi ilisimama siku waliposhindwa kusikilizana.

Basi, ndugu, likizo inakaribia, na wengine watakwenda shantie kama sisi. Msicheke neno la fundi. Na msiseme "ndiyo, Papa" kwa neno msilolijua. Ulizeni kwanza, kwani kuuliza hakukatwi katika malipo.