WALA UGALI WA ITALIA NA MVINYO WAO WA BEI POA

Waitaliano nao wana utani wao kama sisi. Watu wa kusini, kule Napoli na Sicilia, wakitaka kuwachokoza wenzao wa kaskazini huwaita polentoni, yaani wala ugali. Na kweli wanaula. Polenta yao ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto na chumvi, wakaumwaga juu ya ubao na kuukata kwa uzi. Mpelekee Mmatengo wa Mbinga sahani hiyo na mboga pembeni, atanawa mikono bila kuuliza jina lake.

Utani hauishii hapo. Watu wa Toscana, mkoa wa kati wenye jiji la Firenze, huitwa mangiafagioli. Tafsiri yake? Wala maharage!

Sasa kwa taarifa yako msomaji, hao wala ugali na wala maharage ndio wenye ule mvinyo mwekundu ambao hapa kwetu mtu akiupata anaufungia kabatini, akisubiri harusi, kipaimara au mgeni mkubwa. Siku ya siku ukifunguliwa, unanyweshwa pamoja na biskuti, au bila chakula kabisa, kisha watu wanakunja sura: "Mbona mchachu huu?"

Mchachu kwa sababu haukutengenezwa unywewe peke yake. Mvinyo mwekundu wa bei ya chini wa Italia ni kitu cha mezani, kama kachumbari. Na meza iliyoulea inafanana na yako wewe wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi kuliko unavyodhani.

DIVAI, MVINYO AU WAINI?

Kwanza tuelewane majina. Kanisani ni divai, gazetini ni mvinyo, kijiweni ni waini. Kitu ni kile kile: maji ya zabibu yaliyochachuka. Rangi nyekundu inatoka kwenye maganda, ambayo huachwa ndani ya maji hayo wakati wa kuchachuka. Maganda hayo hayo, pamoja na mbegu, ndiyo yanayoleta ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana na majani.

Kwa hiyo mambo ya kuangalia ni mawili: uchachu na ukakasi. Uchachu unakata mafuta na unaelewana na nyanya. Ukakasi unapenda nyama, lakini unagombana na samaki na pilipili. Ukishika hayo mawili, huna haja ya mtaalamu wa kukuzungushia glasi puani.

MAHARAGE YA NGOLO NA CHIANTI

Tuanzie Mbinga juu, milimani. Wamatengo wana kilimo chao cha ngolo: wanafyeka nyasi, wanazipanga na kuzifukia, na mteremko mzima unakuwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua inazama shimoni badala ya kuondoka na udongo. Hapo maharage na mahindi hupokezana zamu.

Maharage hayo yakipikwa na nyanya na kitunguu, yakakaa na ugali, mwenzake wa asili ni Chianti. Huu ni mvinyo wa wale wale wala maharage wa Toscana. Kwa kanuni zao, Chianti lazima iwe na zabibu za aina ya Sangiovese zisizopungua asilimia 70, na Sangiovese ina uchachu wa kutosha kusimama na nyanya. Zamani ilikuwa ikija kwenye chupa nene iliyovishwa kikapu cha majani, na mpaka leo utaziona chache za namna hiyo.

Ila kuna Chianti na Chianti. Ukiona neno Riserva, maana yake imewekwa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa, na bei imepanda nayo. Hiyo waachie wenye nazo. Kwa maharage, Chianti ya kawaida inatosha na kubaki.

KITIMOTO NA MVINYO WENYE POVU

Hapa wengi mmekaa sawa! Kwa wanaotumia nguruwe, kitimoto ni mafuta, chumvi, ndimu na pilipili. Mkoa wa Emilia-Romagna huko Italia nao ni nchi ya nguruwe. Ndiko iliko Parma yenye mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi, na Bologna yenye mortadella. Watu wa huko wanakunywa Lambrusco, mvinyo mwekundu wenye povu jepesi, na kilevi chake mara nyingi ni kidogo kuliko mivinyo mingine myekundu. Povu na uchachu vinasafisha mafuta mdomoni, na tonge linalofuata linakuwa kama la kwanza.

Pilipili ikiwa kali, tafuta iliyoandikwa amabile, ambayo ina utamu kidogo. Mvinyo mkavu wenye kilevi kingi juu ya pilipili ni kumwagia petroli kwenye moto. Na Lambrusco inywewe ikiwa baridi, ingawa ni nyekundu.

MISHIKAKI

Abruzzo ni milima ya wafugaji wa kondoo. Huko wana arrosticini: vipande vidogo vya nyama ya kondoo vimechomwa kijitini, vinachomwa juu ya mkaa na kuliwa kwa mkono. Kama hiyo si mishikaki, basi sijui ni nini. Mvinyo wake ni Montepulciano d'Abruzzo, mweusi, laini na mara nyingi wa bei ya kistaarabu. Kwa mbuzi wa kuchoma au mishikaki ya jioni, hapa umefika.

Tahadhari moja: kuna mji wa Toscana unaoitwa Montepulciano, wenye mvinyo wake uitwao Vino Nobile. Ule unatoka kwenye zabibu nyingine na bei yake ni nyingine. Soma lebo hadi mwisho kabla hujatoa hela.

DAGAA NA MBASA WA NYASA

Sasa teremka. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilometa 67 za lami, na njiani sweta linavuliwa. Huku chini ugali ni wa muhogo, na mboga ni dagaa, mbasa, perege au kambale.

Watu watakwambia samaki ni mvinyo mweupe tu, mwekundu marufuku. Wana sababu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu ndiyo yanayoamsha ile shombo inayobaki mdomoni ukila samaki. Chuma kikiwa kingi, shombo inazidi.

Lakini kazi ya mvinyo mwepesi iko hapa. Italia nao wana maziwa, na watu wa maziwani hawakusubiri ruhusa ya mtu. Ziwa lao kubwa kuliko yote ni Garda, lenye eneo la kilometa za mraba kama 370. Usicheke: ndani ya Nyasa lingeingia mara 80! Kwenye ufuko wake wa mashariki kuna mji wa Bardolino, na mvinyo wenye jina hilo ni mwekundu wa kupauka, mwepesi, wenye ukakasi mdogo. Huo ndio wa kujaribu na mbasa wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, ukiwa umepozwa.

Na dagaa je? Kwenye Ziwa Como wanavua samaki wadogo waitwao agoni, wanawatia chumvi, wanawaanika na kuwakandamiza. Wakishakauka wanaitwa missoltini, na wanawala kwa polenta. Dagaa wakavu na ugali, tena Ulaya! Basi ndugu yangu, siku mgeni akikukuta unakula dagaa, usihamishe sahani kwa aibu. Dagaa wa kukaanga wakiungwa na nyanya nyingi, tafuta Barbera ya Piemonte, yenye uchachu mwingi na ukakasi mdogo. Nyanya na ndimu ndizo zitakazokusaidia kupatanisha dagaa na glasi yako.

JOTO LA CHUMBA, CHUMBA KIPI?

Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya, cha nyuzi 16 hadi 18. Mbinga mjini mwezi wa Juni au Julai usiku, zibua tu, baridi ishafanya kazi. Mbamba Bay mwezi wa Oktoba ni hadithi nyingine: ziwa liko karibu meta 475 tu juu ya usawa wa bahari, na chupa iliyokaa mezani inakuwa kama supu. Kilevi kinapanda puani na ladha inapotea.

Itie kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika 15 au 20. Hakuna barafu? Ifunge kwa kitambaa kilicholowa, iweke kivulini penye upepo wa ziwa, na uongeze maji kitambaa kikikauka. Ni ujanja ule ule wa mtungi wa bibi.

MFUKO NAO UNASEMAJE?

Tuongee kiutu uzima. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Kama mvinyo una kilevi cha asilimia 12, chupa nzima ni sawa na bia tatu na nusu za nusu lita zenye asilimia 5. Kwa hiyo chupa moja ni ya watu watatu au wanne wanaokula. Anayeimaliza peke yake hajaonja, amepiga ulabu tu. Na akitoka hapo asiguse pikipiki wala asiingie ziwani kuogelea.

Kuna jambo zito hapa. Ile polenta ya Italia ilikuwa chakula cha shida. Mahindi yalitoka Amerika baada ya safari za Columbus, na karne ya 18 na ya 19 wakulima maskini wa kaskazini walikula polenta asubuhi, mchana na jioni bila mboga. Wakapata pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, unaochubua ngozi, unaovuruga akili na mwisho unaua. Si kwamba mahindi ni sumu; mboga ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo hesabu yako ianzie kwenye mboga. Msimu wa kahawa ukilipa, Mbinga panachangamka, na kila mtu anataka kuonekana na chupa mezani. Chupa iliyokula hela ya maharage na samaki wa watoto haina ladha, hata ingetoka Roma kwa ndege. Nunua moja kwa wenzio wanne mchangie, mle mshibe. Itakayobaki izibe, iweke kwenye friji siku mbili tatu. Ikichachuka zaidi, isimwage. Tia kwenye mchuzi wa nyama ngumu uone inavyolainika.

Ukinunua, epuka chupa iliyosimama juani dirishani mwa duka miezi na miezi. Angalia stempu ya kielektroniki ya TRA, utaratibu ulioanza mwaka 2019. Soma maneno machache: rosso ni mwekundu, secco ni mkavu, dolce ni mtamu. DOC na DOCG ni alama kwamba mvinyo umefuata kanuni za eneo lake. Mfumo huo ulianza mwaka 1963. Mivinyo hii ya bei poa haingoji uzee, hivyo chagua wa miaka ya karibuni.

NA WA NYUMBANI

Duka la Mbinga likikosa cha Italia, na la Songea nalo likikosa, si lazima umsumbue anayetoka Dar es Salaam zaidi ya kilometa 1,000 na chupa kwenye begi. Kuna Dodoma. Huko zabibu zilipandwa Bihawana na wamisionari Wakatoliki waliotaka divai ya misa. Na Wapasionisti waliopewa Dodoma miaka ya 1930 walitoka Italia hiyo hiyo. Leo wakulima wa Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Mtoscana hakipati. Ushuru wa mvinyo wenye zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75 nao ni mdogo kuliko wa mvinyo wa nje, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mkulima wa Dodoma kusimama kwenye rafu moja na mgeni.

Ila kwa chakula, chukua ulioandikwa drai. Ule mtamu wenye nguvu, ambao wazee wa kilaji wanaupenda, ukiuweka na maharage ni sawa na kuyatia sukari.

Jaribio la Jumamosi basi: mwekundu mmoja wa Italia, mwekundu mmoja drai wa Dodoma, sufuria la maharage, dagaa wa nyanya na ugali. Zifunike lebo kwa gazeti hili hili, onjeni kwa zamu kwa kila mboga, kisha mpige kura kabla ya kufunua. Atakayeshindwa kutofautisha ndiye atakayeosha vyombo.