Usonji, Haya na Heshima: Swali la Kijana wa Nchi ya Chai

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika vilima vya chai vya Kericho na Bomet, mtoto mkimya aghalabu husifiwa. Hadakii maneno ya wakubwa, hamkazii mzee macho, na akitumwa dukani hurejea bila kusimama njiani. Watu husema ana adabu. Miaka ikipita, mtoto yuyo huyo hujiunga na chuo kikuu, akakutana na maelezo ya usonji, akaanza kujiuliza iwapo sifa alizopongezewa nyumbani ni dalili za hali hiyo. Makala haya yanafafanua jinsi swali hilo linavyoweza kutafutiwa jibu bila kupuuza sayansi wala malezi.

Dhana ya Usonji

Kiswahili kina istilahi mbili za dhana hii: usonji na tawahudi. Ya pili ina asili ya Kiarabu na imejengwa juu ya wazo la kuwa peke yake. Katika lugha za Ulaya, istilahi inayotumika ilitokana na neno la Kiyunani lenye maana ya 'nafsi', na iliundwa na daktari Mswisi, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1943, Leo Kanner alichapisha nchini Marekani maelezo ya watoto 11. Mwaka uliofuata, Hans Asperger wa Vienna aliwaeleza watoto wengine waliokuwa na ufasaha wa lugha lakini wakatatizika kutangamana na wenzao. Mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliziunganisha hali hizo katika wigo mmoja. Kwa hivyo, usonji si wa mtoto asiyesema pekee. Hata msomi mwenye shahada anaweza kuwa nao. Wala si hali ya Wazungu tu: ripoti ya Victor Lotter ya mwaka 1978 iliwahusu watoto wa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo.

Wataalamu hutazama mambo mawili makuu. La kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu. La pili ni mwenendo unaojirudia: kushikilia ratiba, kuzama katika jambo moja, au hisi kuwa kali mno au hafifu mno.

Kipimo na Mazingira

Mwaka 2001, Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge walichapisha hojaji ya kauli 50 ambayo mtu mzima hujijazia mwenyewe. Mojawapo hupima iwapo mtu huipendelea maktaba kuliko karamu. Kwa kijana aliyekulia Konoin, ambako sherehe ya nyumbani ni wajibu wa ukoo, kauli hiyo ina uzito tofauti. Hali kadhalika, kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima miongoni mwa Wakipsigis na jamii nyingine nyingi za Kenya. Hojaji, basi, huweza kumwelekeza mtu kwa mtaalamu. Haiwezi kutoa uamuzi.

Maswali Matatu

Swali la kwanza ni: tangu lini? Usonji huanza utotoni, hata kama hautambuliwi hadi ukubwani. Mtu aliyeanza kujitenga baada ya machafuko ya mwanzoni mwa 2008, yaliyowafurusha wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai ya Kericho, huenda ana kiwewe kinachohitaji tiba ya namna nyingine. Mama au nyanya anayeukumbuka utoto wa mhusika ni shahidi muhimu.

Swali la pili ni: mbele ya nani? Heshima huchagua mtu. Kijana anayemwinamishia babu macho huyainua anapotaniana na rika lake. Usonji hauchagui hivyo; ugumu wa kuufahamu mzaha au kujua zamu ya kusema humfuata mtu hata kwa marafiki.

Swali la tatu ni: kwa gharama gani? Wapo wanaojifunza kuficha. Hukariri namna ya kusalimu, hupeana mikono na foleni nzima ya waombolezaji, kisha hujifungia chumbani wakiwa hoi. Mvua ya mawe, ambayo ni ya kawaida Kericho, humkera kila mtu inapogonga mabati. Hata hivyo, kwa mwenye hisi kali, kishindo hicho huwa maumivu yanayomvurugia siku nzima. Hapa ndipo sifa ya adabu inapoweza kumdhuru mtoto: kwa kuwa hasumbui mtu, hakuna anayeuliza kama yeye mwenyewe anasumbuka.

Majibu ya maswali haya yakielekea upande mmoja, inafaa mhusika amwone daktari, mathalani katika hospitali ya rufaa ya Kericho au ya Longisa, ili aelekezwe kwa mtaalamu wa saikolojia au wa akili. Kwa watoto wa shule, Kenya imekuwa na vituo vya elimu vya tathmini tangu 1984.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba si kila mkimya ana usonji, wala si kila mwenye usonji ni mkimya. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na hautokani na laana wala malezi mabaya. Faida ya kuutambua ni kwamba aliyeitwa mjeuri au mwenye maringo hupata maelezo ya haki kuhusu maisha yake, na walio karibu naye hujua la kurekebisha. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, wajibu huo unaanzia kwenye msamiati: jina sahihi likijulikana, la kejeli hukosa nafasi.