Spika za kujengea sebuleni: mambo ya kuamua kabla ya plasta

Mavuno yakishauzwa na ujenzi ukianza tena, huwa tunapokea swali linalofanana. Nyumba imeezekwa, inasubiri plasta, na mwenye nyumba anataka sebule yenye runinga kubwa na spika zilizojengewa ndani, bila nyaya kuning'inia. Anauliza anunue spika gani.

Sisi tunaanza na swali jingine: plasta imeshapigwa? Spika unaweza kubadilisha mwaka wowote. Lakini waya uliosahaulika ndani ya ukuta uliokamilika unadai patasi, fundi na saruji mpya. Kwa hiyo mambo mengi yanayohusu sauti ya sebule huamuliwa kabla hata hujaingia dukani.

5.1 maana yake nini?

Namba hii utaikuta kwenye maboksi ya redio za sinema za nyumbani. Tano ni spika za kawaida: moja kushoto kwa runinga, moja kulia, moja katikati, na mbili pembeni mwa wanaotazama, zikielekea nyuma kidogo. Hiyo .1 ni sabufa, yaani boksi la sauti nzito. Mitaani seti nzima huitwa sabufa, lakini kwa fundi sabufa ni lile boksi la besi peke yake.

Spika ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji. Ukiikosa au ukaificha nyuma ya kabati, utasikia milipuko na muziki, maneno yatakupita.

Kwa spika za kushoto na kulia kuna kipimo rahisi. Umbali kati yake uwe sawa na umbali wa kutoka kila moja hadi kwenye kiti. Ukikaa mita 2.5 kutoka kila spika, nazo ziachane mita 2.5. Zikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, yaani karibu mita 1 kutoka sakafuni. Zile mbili za pembeni ziwe juu kidogo ya kichwa. Sabufa haichagui sana mahali, ila ukiisukumia kwenye kona besi inaongezeka.

Kwa nini bibi hasikii maneno hata sauti ikiongezwa?

Mara nyingi tatizo huwa ni chumba. Sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu na madirisha ya vioo hurudisha sauti karibu yote. Neno la kwanza halijafa, la pili limefika, na yote yanachanganyika kuwa mwangwi. Ukiongeza sauti, na mwangwi unaongezeka. Mtu mzima ambaye masikio yameanza kuchoka ndiye anayeumia zaidi, na hata taarifa ya habari inampita.

Jipime hivi: simama katikati ya sebule, piga kofi moja kali, kisha sikiliza. Ukisikia mlio unaovuma baada ya kofi, chumba chako kina mwangwi.

Dawa yake ni vitu vizito na laini: mapazia mazito yenye mikunjo, zulia nene, makochi ya kitambaa, hata godoro lililosimamishwa ukutani wakati wa kujaribu. Studio za redio nazo hufunikwa kuta kwa sababu hiyo hiyo. Trei za mayai ambazo wengi hubandika hazisaidii sana, na za karatasi hushika moto haraka. Kama nyumba ni ya bati bila dari, weka dari kwanza. Mvua ikinyesha juu ya bati tupu, hakuna spika itakayoishinda.

Ukuta wa tofali usichimbwe ovyo

Spika nyingi za kujengea zimetengenezwa kwa kuta za mbao zenye uwazi ndani, na nyingi zinahitaji kina cha karibu sentimita 10. Tofali la inchi 6 lina unene wa sentimita 15 tu. Ukilichimba kiasi hicho unabaki na ganda, na ukuta uliobeba paa unadhoofika.

Njia salama ni kujenga fremu ya mbao mbele ya ukuta wa runinga, kuifunika kwa jipsamu au plaiwudi, kisha kutoboa humo. Kila spika iwe na kisanduku chake nyuma. Bila kisanduku, sauti inayotoka mgongoni mwa spika hukutana na ile ya mbele na kuiua besi. Spika za dari nazo zifungwe kwenye mbao. Usiache uzito wake ubebwe na ubao wa dari peke yake.

Nyaya na mabomba

Pitisha nyaya ndani ya mabomba ya plastiki, na uache kamba ndani ya kila bomba ili siku moja uweze kuvuta waya mwingine. Waya wa spika wa 1.5 unatosha kwa sebule ya kawaida. Kwa safari ndefu zaidi ya mita 10, tumia 2.5. Usichanganye waya wa spika na waya wa umeme kwenye bomba moja: ni hatari, na mara nyingi huleta mvumo kwenye spika. Kazi ya umeme wenyewe, hapa Tanzania, mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kabla ya plasta, weka futi ukutani na upige picha kila upande kwa simu yako. Siku ya kutoboa ukuta kutundika kitu, picha hiyo itakuonyesha bomba limepita wapi.

Ukifunga spika, chanya iende kwa chanya. Kama alama zimefutika, gusisha betri ndogo ya tochi kwenye nyaya mbili kwa sekunde moja, amplifaya ikiwa haijaunganishwa. Spika ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na watu huilaumu redio bure.

Soma nyuma ya mashine

Boksi linaweza kuandikwa maelfu ya wati. Usilitegemee. Geuza mashine usome kibandiko kinachoonyesha umeme inaotumia. Soma pia omu, alama yake Ω. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4, na mbili za omu 4 huwa 2. Amplifaya iliyoandikwa 4 hadi 8 ikibebeshwa 2 hupata moto na inaweza kuungua.

Kwa wanaotumia sola, piga hesabu. Runinga ya wati 40 na amplifaya ya wati 60 ni wati 100. Betri ya maji ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ili idumu tumia nusu tu, yaani 600. Hapo unapata saa 6, na pungufu yake ukihesabu inveta na taa.

Ukiwa na fedha kidogo

Usisubiri mpaka uwe na seti nzima. Kabla ya plasta weka mabomba yote matano na la sabufa, hata kama yatakaa matupu. Kisha dari na mapazia. Kisha spika mbili nzuri za mbele, na ya katikati msimu unaofuata. Nyingine zitafuata mavuno yakiruhusu. Sebule ya namna hiyo, yenye spika tatu na mwangwi kidogo, itampa bibi maneno ya habari bila kuongeza sauti hadi jirani agonge mlango.